Mota Imezunguka

Mama Mbithi,

Nimeenda kurudisha mota ya boila hospitalini. Wodi ya akina mama haijapata maji moto tangu Jumatatu. Mkirudi na Mbithi, tieni komeo. Uji uko kwa sufuria.

Shida haikuwa beringi. Shafti nikiizungusha kwa mkono inaenda laini, lakini nikiwasha stima mota inanguruma tu. Kapasita, ile kitu ya kuisukuma ianze, ilikuwa imekufa, na maduka yote yamefungwa kwa sababu ya fujo.

Mlipoenda kuchota maji, mtu alibisha. Ni Okoth, mwenzangu wa boila. Aliniita kwa jina mara tatu. Miaka sita tumefanya kazi naye, na bado nilizima redio nikashika nyundo. Wiki hii, baada ya kura, Wakamba tunaitwa wasaliti na Waluo wenzake, basi hata yeye nilimwogopa. Alipoenda nikafungua. Kapasita ilikuwa hapo chini, imefungwa kwa gazeti. Sijui alipitaje hizo barabara zilizowekwa vizuizi.

Nimeifunga, mota ikazunguka mara moja.

~~Akija, mwambie nilikuwa nimelala.~~

Usimdanganye. Akija, mfungulie, umwambie nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango.

Baba Mbithi