Taulo Begani kwa Tatu

Muscat

Mume wangu Rajabu, baba wa Asha,

Nakusalimu kutoka huku ambako jua linachomoza likiwa limeshakasirika. Mwili wangu ni mzima. Habari za moyo utazisoma humu. Wewe hujambo, na kile kifua kinakuachia sasa? Mama anaendeleaje na goti lake? Mfikishie shikamoo yangu sasa hivi kabla hujasoma zaidi, maana ukiendelea utasahau. Na Asha, bado anakataa uji?

Barua hii anakuletea mwenzangu wa Muheza ambaye amemaliza mkataba wake. Nimeona niandike kwa sababu kwenye simu siku hizi hatuzungumzi, tunakatizana. Nikianza neno, hasira inalimalizia. Karatasi haitaniambia "hebu subiri, kuna mteja".

Rajabu, mimi nina wivu. Nimeliandika, lisome. Nimejaribu kuliita uchovu, nikaliita joto, nikamwambia hata mwenzangu wa Muheza kwamba ni malaria. Ni wivu.

Wewe unajua tulivyoanza kuosha magari, pale nyuma ya nyumba ya mama yako, Kwamndolwa. Wewe na mpira wa maji na povu mpaka viwikoni, mimi na vitambaa. Magari yalikuwa yanatoka Handeni yamevaa vumbi jekundu mpaka ndani ya taa, na gari likiondoka na unyevunyevu lilikuwa halifiki stendi kabla halijavaa vumbi jingine. Ndiyo maana nilikuwa nakausha gari kama nilivyokuwa namkausha Asha akitoka kuoga, masikio, mikunjo, katikati ya vidole. Naanza na paa, kwa sababu maji ya juu lazima yatashuka. Kisha vioo, boneti, buti, ubavuni. Milango naifungua, nafuta kingo na ule mpira wake. Kitambaa sikisugui, nakitandaza na kukivuta taratibu nisichore rangi. Matairi yana kitambaa chao, hakipandi juu kamwe. Ile ilikuwa kazi yangu. Watu walikuwa wanasema, "Peleka kwa yule mama anayekausha."

Nilipoondoka tuliamua wote wawili, sikulaumu. Ukaniambia umepata msaidizi kutoka Kerenge. Mimi nikamwona kichwani kijana wa kiume amekunja suruali. Hukusema ni wa kiume, na mimi sikuuliza.

Halafu ikaja ile siku ya video. Ulikuwa unanionyesha pampu mpya, na nyuma yako akapita mwanamke amejifunga kanga kiunoni, taulo la njano begani. Taulo lile, Rajabu! Nililolichagua mwenyewe dukani, nikalishika, nikaliminya, nikamsumbua mwuzaji mpaka akachoka, nikalituma kwenye mzigo nikakwambia hili linakunywa maji kama mchanga, likaushie wewe kwa mikono yako.

"Nani huyo?"

"Tatu. Si nilikwambia?"

"Uliniambia msaidizi."

"Sasa si ndiye huyo?"

Akasema jambo kwa Kishambaa. Ukamjibu kwa Kishambaa. Mama naye, sikumwona ila nilimsikia, akatia neno lake, akacheka mpaka akakohoa. Mimi ni Mzigua wa Sindeni. Kishambaa chenu kikitembea nakifuata, kikikimbia kinaniacha. Nikakuuliza mnacheka nini, ukasema, "Aa, mambo ya hapa tu, Mama Asha." Mambo ya hapa! Hapo ni kwangu. Hapo nimezalia mtoto. Na kama hilo halikutosha ukaongeza, "Anakausha vizuri kweli. Wateja wanamsifu."

Ulilala usingizi usiku ule? Mimi sikulala.

Nilipokuomba uegemeze simu kwenye ndoo nione kazi inavyokwenda, ulidhani nimekumbuka nyumbani. Nilikuwa natafuta kosa. Gari lilikuwa Noah nyeupe. Nilimtazama Tatu bila kupepesa macho. Alianza na paa, akapanda juu ya gogo ili afike katikati, mahali ambapo mimi nilikuwa nafuta kwa kubahatisha. Akashuka na vioo. Milango akaifungua. Nikaona ameruka vioo vya pembeni, nikafurahi, nikapiga kelele kwenye simu, "Saitimira! Umeacha saitimira!"

Akageuka, akainama kwenye simu kwa adabu. "Hizo namalizia mwisho, dada. Maji yake yanajificha ndani, yanasubiri mtu asahau ndiyo yatoke."

Akasimama anangoja. Kweli, tone likatoka nyuma ya kioo, likaanza kutelezea mlango uliokwisha kukauka, naye akalidaka kwa ncha ya taulo kabla halijafika kwenye kitasa. Rajabu, tone lile limenitia aibu mbele ya wateja mara nyingi. Mimi nilikuwa nafuta vioo mapema, mwenye gari akija anakuta mchirizi mlangoni. Nilitaka awe mvivu. Nilitaka awe na mikono mizito. Kwa hilo la tone amenizidi, na aliyenizidi yuko na wewe kutwa.

Asubuhi yake nikafanya jambo ambalo sijawahi kulifanya katika nyumba hii ninayofanyia kazi. Dereva wa hapa, mzee wa Kipakistani, alikuwa anaosha gari la bibi mwenye nyumba juani. Huku ukiosha juani maji yanakauka kabla hujayagusa, yanaacha madoa meupe kama chumvi. Nikatoka jikoni na unga mikononi, nikanawa, nikamwonyesha kwa ishara alisogeze kivulini, alimwagie maji tena. Nikamnyang'anya kitambaa. Alilalamika kwa lugha yake, sikumjali. Nikakausha gari lile zima. Nilipofika kwenye vioo vya pembeni nikangoja, kama Tatu. Hapo ndipo machozi yaliponitoka, kwa sababu nilijiona namwiga.

Bibi akatokea mlangoni. Yeye Kiswahili chake ni cha Unguja, alizaliwa huko.

"Mwanaidi, leo waacha jikoni wafuata gari?"

"Nisamehe, bibi."

"Walia?"

"Ni jua, bibi."

"Jua halimlizi mtu hivyo. Ni mume?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Kaoa?"

Nikamjibu, "Bado."

Umesikia nilivyojibu? Sikusema hapana. Neno lilinitoka, nikabaki nimelishangaa kama limesemwa na mtu mwingine. Bibi aliniambia niende nikapumzike, lakini nitapumzika vipi na "bado" iko kichwani?

Ndiyo sababu sikupokea simu zako. Haikuwa chaji, wala mtandao. Nilikuwa nazitazama zikiita mpaka zinachoka.

Kisha ikaja simu ya namba nisiyoijua. Nikapokea nikidhani ni mama yangu wa Sindeni ameazima simu ya jirani.

"Shikamoo, dada Mwanaidi. Ni mimi, Tatu."

Nilikaa chini, Rajabu. Nilikaa kwenye sakafu ya jikoni. Sikuitikia hata marahaba.

"Kaka Rajabu hajui kama nimekupigia," akasema. "Nina ombi, dada. Mwambie mume wako anipumzishe."

"Akupumzishe na nini?"

"Na wewe."

Naye ndipo akafungua mdomo, na nakuandikia kama alivyosema, ujue umemfanya nini mtoto wa watu.

"Nikishika kitambaa, kaka anasema Mwanaidi alikuwa anakikung'uta kwanza. Nikifika mlangoni, Mwanaidi alikuwa anaweka mkono chini ya kingo tone lisidondoke kwenye kiti. Kaka akinywa chai, Mwanaidi alikuwa anaiacha ipoe. Juzi mteja kanisifia gari lake, kabla sijasema asante kaka kamwambia, huyu bado, hujamwona mke wangu. Dada, mimi nashindana na mtu ambaye hata hayupo. Mikono ni yangu, sifa zinakwenda Muscat. Nimechoka. Natafuta kazi kwingine."

Nikamwuliza, "Na Kishambaa mnachochekea?"

Akacheka. "Si mama mkwe wako huyo! Anamwambia mwanawe, ukimtaja tena mke wako leo hii, chakula utakula kwa majirani."

Unataka kujua nilijisikiaje? Nilifurahi mpaka nikaona aibu kufurahi. Halafu nikaona mlango umefunguka. Anataka kuondoka. Nikisema neno moja tu, nenda, anakwenda, na taulo linabaki limening'inia kwenye kamba. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Lakini nilimkumbuka yule dada akisimama kando ya Noah anangoja tone, hana haraka, hamwibii mwenye gari kitu. Nikamwambia, "Usiondoke, Tatu. Nitamwambia." Akashukuru. Kisha nikamwuliza anafanyaje na maji yanayobaki kwenye kifuniko cha tangi la mafuta, maana hayo pia yamenisumbua miaka yote. Akanieleza. Anakifungua, anakiacha wazi anapofuta ubavu, kisha anarudi kukifunga. Ni jambo dogo kabisa, nami sikuwahi kulifikiria.

Kwa hiyo nakwambia, Rajabu, mwache Tatu afanye kazi kwa mikono yake. Mteja akimsifu, nyamaza, sifa zimfikie mwenyewe.

Lakini usidhani wivu umekwisha. Umehama tu. Zamani nilikuwa namwonea wivu kwa sababu yuko karibu na wewe. Sasa namwonea kwa sababu anasikia. Maneno hayo yote, kwamba nilikuwa nafanya hivi na vile, kwamba hakuna kama mimi, yeye anayasikia kutwa mpaka yanamchosha, na mimi mwenyewe hujaniambia hata moja. Mimi kwenye simu unaniambia pampu imekwama, mvua imenyesha, mchele umepanda. Nimekaa huku nikidhani umenisahau, kumbe unamchosha mwanamke wa watu kwa jina langu! Kwa nini maneno yangu unampa mtu mwingine?

Bibi ameniuliza kama nitaongeza mkataba. Nimemwambia siongezi. Ameguna, lakini amekubali. Hili sikukuuliza, nakuarifu.

Msalimie mama sana, mwambie namwombea goti lake, na kwamba asikunyime chakula. Asha mbusu kwenye paji la uso, umwambie mama anarudi, ila usimwambie lini, maana atahesabu. Ukipata gari la kwenda Handeni, pita Sindeni umwone mama yangu, umpe shikamoo kwa mdomo wako mwenyewe. Msalimie kaka yangu mkubwa pia, mwambie asiuze lile shamba la karibu na mto kabla sijafika. Na Tatu msalimie, mwambie lile la kifuniko nimelijaribu kwenye gari la bibi, limekubali.

Wewe ukipokea barua hii usinipigie. Chukua kalamu, uandike. Sitaki habari za mvua wala za kazi. Niandikie yale unayomwambia Tatu.

Ni mimi mkeo,
Mwanaidi