Moto wa Ntate Tshehla

Jumatatu, 8 Julai

Barafu kwenye kioo cha gari. Nimefika kwenye kituo chetu cha kupimia hewa saa moja asubuhi kubadilisha chujio — jeusi tititi! Nikashangilia peke yangu kama mwendawazimu. Ijumaa ni baraza: kiwanda cha chuma kinaomba tanuri la tatu, na mwenye vipimo vya moshi wake ni mimi.

Kisha nikaona majivu. Chini kabisa ya bomba langu la kuvutia hewa, jiko la mlinzi, lile bati lenye matundu. Bado la moto.

Mlinzi mwenyewe, Ntate Tshehla — Ntate ni ‘baba’ kwa Kisotho — hakuficha. Eti mashine ilikuwa inatetemeka usiku kucha, akaihurumia, akaisogezea moto. Tangu Juni! Nilitaka kupiga kelele. Halafu akauliza: kwani ni ya nini hii, mwanangu? Miezi miwili anailinda, sijawahi kumwambia. Aibu ni yangu.

Jumanne, 9 Julai

Profesa Viljoen, mkuu wangu wa utafiti, kwenye simu: nani atajua? Nyamaza, mlinzi abadilishwe. Nimekataa. Njia ya mwongo ni fupi. Vipimo vyote tangu Juni nimevifuta. Nimelia kidogo, kisha nimenawa uso.

Nimemweleza Ntate: bomba linavuta hewa, sisi tunapima kilichomo. Akacheka mpaka akakaa chini — kumbe nilikuwa nailisha moshi! Kasema hawashi tena mpaka Ijumaa. Utaganda, Ntate! Akanikatiza: hewa hiyo hiyo wanaivuta wajukuu zangu, wewe pima.

Jumatano, 10 Julai

Nyuzi nne chini ya sifuri. Hakuwasha. Upepo haukutoka upande wa kiwanda. Chujio jeupe pe. Lo!

Alhamisi, 11 Julai

Upepo umegeuka! Gesi ya salfa mara mbili ya kiwango kinachoruhusiwa, chujio limejaa masizi, na hakuna aliyewasha hata kiberiti. Usiku mmoja tu, lakini wa haki. Ntate kashika kikombe cha chai kwa mikono miwili, midomo imepasuka. Anakohoa. Nimempa skafu yangu, kaikataa.

Ijumaa, 12 Julai

Ukumbini. Naandika chini ya meza. Nimeanza na kosa langu. Watu wakaguna, Profesa akainama. Kisha nikatoa usiku ule mmoja. Wakili wa kiwanda akatabasamu: mmoja tu, mama? Na nani anathibitisha hapakuwa na moto?

Nyuma kiti kimesogea. Ntate Tshehla, blanketi mabegani. Mimi hapa, kasema, mimi ndiye — kikohozi kikamkaba. Hakiishi. Wakili ameacha kutabasamu. Mwenyekiti ameweka kalamu chini, na ukumbi mzima tunamsubiri amalize.