Kidole Changu kwenye Simu Yako

Aikande mwanangu,

Mwandiko wangu umeharibika, kwa hiyo soma polepole. Daktari ameacha kuniambia "ukipona". Siku hizi ananiuliza tu kama nalala vizuri.

Unakumbuka jioni zetu pale Elerai, baada ya chakula? Nilikuwa nakusumbua nitazame picha, nawe kila mara ilibidi unifungulie kwa namba zako za siri. Ukacheka, ukakishika kidole gumba changu, ukakigandamiza kwenye simu yako tena na tena mpaka ikakubali. "Haya mama, sasa na wewe una simu," ukasema. "Ila meseji za Baraka usisome, utaona aibu." Sikuzisoma. Nilitazama picha tu.

Kisha yakapotea yale mawe ya thamani ofisini kwenu, na polisi wakaichukua simu yako. Uliwakatalia namba kwa sababu humo Zaituni, mfanyakazi mwenzako, alikuwa amekuandikia alikojificha. Hakuiba. Aliogopa tu.

Mpelelezi alikuja nyumbani nawe ungali kituoni. "Shikamoo mama," akaanza, nikamkaribisha chai. Kabla ya kunywa aliinamisha kichwa akaomba, kama tunavyofanya mezani kwetu. Basi, nikamwona mtoto wa nyumbani. Akaiweka simu yako mezani, akasema kwa upole, "Mtu akikataa kufungua, mama, watu wanamfikiria vibaya."

"Mwanangu si mwizi," nikamjibu. "Ngoja nikuonyeshe ni mtu wa namna gani."

Nikaweka kidole. Nilimwonyesha picha zako, ukiwa na joho la kwaya, na ukimshika mkono marehemu baba yako alipokuwa hawezi kutembea peke yake. Alizitazama zote kwa heshima. Kisha akasema, "Asante sana mama. Naomba usiifunge."

Mimi, niliyefundisha uraia mpaka nikastaafu, niliyewaandikia watoto wa watu neno faragha ubaoni, sikumuuliza hata hati ya mahakama. Simlaumu; alikuwa na kazi yake. Zaituni walimchukua Olmotonyi, kwa shangazi yake, akakaa mahabusu miezi mpaka mahakama ilipomwachia. Kazi hakurudishiwa.

Uliporudi nyumbani ulisema, "Namba nilimpa Baraka peke yake." Kidole changu ulikuwa umekisahau, nami sikukukumbusha. Pombe ya mbege ya posa ilikuwa imeshanywewa, wazee wameshapeana mikono, lakini ukavunja uchumba, ukamrudishia Baraka kila kitu ukahamia Mwanza. Nilijiambia nitasema kesho. Niliogopa kukupoteza, nikakupoteza hivyo hivyo.

Jumapili nilimwita Baraka, nikamwambia yote.

"Mama, mimi nilijua tangu wiki ile. Nilipokuja kukusalimia hukuweza kunitazama usoni."

"Mbona hukujitetea?"

"Ningejitetea, Aikande angebaki na nani? Mchumba atapata mwingine. Mama je?"

Nililia mbele yake bila aibu. Hajanituma, Aikande, na sikuombi umrudie. Hilo ni lenu wawili. Nakuomba umpigie, asikie kwa sauti yako kwamba unajua. Zaituni nimeshamwandikia mwenyewe.

Nami ukitaka kunikasirikia, usingoje uje unikasirikie kaburini. Panda basi, uje unigombeze hapa kitandani, nikiwa bado nasikia.

Ni mimi, mama yako.