Mashine Iliyoonekana Imesimama

Nachingwea,
11 Machi 1951

Kwako dada yangu mpendwa Albina,

Tumsifu Yesu Kristo. Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mimi mdogo wako, nikitumaini kwamba barua hii itakukuta mzima, wewe na mtoto Teodosia, na mama pia, ingawa najua magoti yake hayampi raha msimu huu wa mvua. Je, ufuta mmeshapanda, au bado mnahangaika na palizi ya mahindi? Mimi mwili unakwenda, ila nimechoka, dada. Hata kushika kalamu leo ni kazi, nadhani mwandiko wenyewe unakueleza.

Ujumbe wako nimeupata. Sikuzani uliyemtuma alinikuta mlangoni mwa karakana, akaniambia kwa sauti ya chini, huku akitazama pembeni kwa aibu, kwamba unauliza kwa nini mumeo Eustakio hajarudi Likunja tangu Noeli wala hajakuandikia neno. Akasema pia kwamba watu waliotoka huku wamekueleza wamemwona amekaa barazani, na mwanamke anamlisha. Nilimwambia Sikuzani kuwa nitakujibu mwenyewe. Basi nakuomba uisome yote, usiishie njiani kwa hasira.

Hali ya huku si ile mliyoisikia zamani. Mashamba ya karanga yanapunguzwa, matrekta yamepangwa uwanjani yakinyeshewa, na kila mara wanaitwa watu kuambiwa kazi imekwisha. Sisi wa karakana ya mkandarasi tumebakizwa ili tutengeneze mashine mbovu kabla hazijauzwa. Wachache tunafanya kazi ya wengi. Ndiyo maana jioni ninalala na viatu.

Kazi yangu ya taa hujaiona, acha nikueleze kidogo. Hizi si chemli, wala si balbu. Ni mirija mirefu ya kioo, na ndani yake hamna utambi wala waya wa kuwaka, ila hewa ya namna yake. Hewa hiyo haiwaki kwa kuombwa. Kuna kikopo kidogo kama cha ugoro, tunakiita stata, ambacho hupitisha umeme kwanza kuzipasha ncha za mrija moto, kisha hukata ghafla. Kinapokata, chuma kizito kilichozungushiwa waya, kiitwacho choki, hutoa teke la umeme, na mrija mzima unashika mwanga mweupe. Baada ya hapo choki huuzuia umeme usizidi ukauharibu mrija. Huvuma kutwa nzima kama nyuki. Siku hizi nausikia mvumo huo hata nikiwa kanisani.

Taa hizo huning'inia mbili mbili, na mmoja wa kila mirija miwili huwa na kikopo kingine cha umeme, kondensa. Kabla ya Noeli, kondensa za upande wa mashine za kukereza chuma ziliungua, na nyingine zilikuwa bado zinasubiriwa kwa meli. Fundi mkuu wetu, Mgoa, mtu mpole tu, akaagiza taa ziungwe bila kondensa ili kazi isisimame. Ziliwaka vizuri. Hakuna aliyeona tofauti, hata yeye.

Siku moja ya Januari ilinyesha mvua kubwa mchana, kukawa giza, tukafunga milango. Mwanga pekee ulikuwa wa mirija ile. Shemeji Eustakio alikuwa kwenye mashine yake akikereza ekseli ya trekta, mti wa chuma ubebao magurudumu, na mashine za jirani zilikuwa zinanguruma kiasi kwamba usingesikia ya kwako. Alikuwa amechoka kama sisi sote. Akatazama, akaona kichwa cha mashine, kile kinachoushika na kuuzungusha mti huo, kimesimama, meno yake yanahesabika. Akadhani ameshaizima. Akanyoosha mkono autoe ule mti wa chuma.

Haikuwa imesimama, dada. Ilikuwa inazunguka kwa kasi yake yote.

Shemeji Eustakio yuko hai, na leo ni mzima. Lakini mkono wake wa kulia haupo. Hospitalini waliukata juu ya kifundo, kwa kuwa hapakuwa na cha kuokoa.

Watu walisema alikuwa amelewa. Wengine walisema amerogwa. Fundi mkuu hakukubali. Alinichukua tukafunga tena milango, akachora mstari wa chaki kwenye kichwa cha mashine ileile, akaiwasha. Wallahi, kama wasemavyo jirani zetu, niliona mstari ule umetulia palepale huku upepo wa mashine ukinipiga usoni. Akawasha balbu ya kawaida karibu yake, na mstari ukapotea, ikawa duara jeupe linalozunguka. Akanieleza kwamba mwanga wa mirija huzimika na kurudi upesi kuliko jicho linavyoweza kuona, na kitu kikizunguka kwa mwendo unaolingana nao, kinaonekana kimesimama. Kazi ya kondensa ni kuufanya mrija mmoja ung'ae wakati mwenzake unafifia, ili mwanga usikatike. Alikwenda kitandani kwa Eustakio akamwambia, "Agizo lilikuwa langu. Macho yako hayakuwa na kosa." Kisha akalia mbele ya wagonjwa. Sasa kila mashine ina balbu yake, nami ndiye ninayepanda ngazi kuzifunga.

Mwanamke uliyetajiwa ni Mama Mwantumu, jirani yangu, bibi mwenye wajukuu. Alimlisha majuma ya mwanzo alipokuwa hataki kula. Sasa shemeji anajilisha mwenyewe kwa mkono wa kushoto, anamwaga, anakasirika, anajaribu tena. Anakaa kwangu.

Na hili ndilo lililonitesa. Alinisihi nikuandikie kwamba amekwenda Mtwara, kazi za bandari, na hajulikani atarudi lini. Alisema, "Albina aliolewa na mkereza chuma. Huyu wa sasa hawezi hata kushika jembe. Mwache anichukie, atapona haraka." Nilimkatalia. Nikamwambia nitaandika kweli, akageukia ukuta. Mpaka sasa ninapoandika hajageuka.

Dada, siwezi kukuchagulia. Lakini usikae na uongo wa watu kifuani. Lori la chumvi linalokuja huku linapita Ruangwa siku za soko, dereva ni Andrea, ananifahamu, atakupakia.

Nisalimie mama, nisalimie Tomasi na wote wa nyumbani, na mtoto umpe busu langu. Mungu akutie nguvu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Linus

Nilikuwa nimeshatia sahihi, Eustakio akaniita bila kugeuka. Amesema, "Mwambie mara ya kwanza aje peke yake. Teodosia nitamwona nikishazoea kumbeba kwa kushoto."