Bwana Yangu Anafundisha Watu Kuponya Alternateri

Mpendwa Mama Asiya wa redio, asalaam aleikum. Naomba msaada wako na naomba usicheke kwanza, na jina langu na la bwana yangu usiyasome hewani, kwa sababu sisi ni watu wa heshima hapa Ngagara.

Tuna gari ndogo ya kijani, ya zamani, na mwaka jana alternateri yake, ile mashine inayochaji batri, ilianza kufa, taa nyekundu ya batri ikawaka mbele ya usukani na ikabaki imewaka, mi nikamwambia bwana yangu peleka gari Buyenzi kwa fundi, akasema apana, mafundi ni wezi, alternateri haijafa, imechoka tu, tuipumzishe, na tangu siku ile tukaanza kuishi kwa sheria zake: taa usiwashe, redio usiwashe, vya kupangusa mvua usiguse, gari ikishawaka usizime mpaka umerudi, na jioni batri inatolewa inalala ndani kwenye chaja, pembeni ya kitanda, upande wangu.

Mvua ikinyesha tulikuwa tunasimama kando ya barabara tunaingoja iishe. Siku ya Idi tulikwenda Kajaga kula samaki, tukaondoka samaki bado iko kwenye moto, kwa sababu saa kumi na moja ilikuwa imefika na gari haina ruhusa ya kuona giza. Kuegesha alikuwa anaegesha kwenye mteremko wa kartiye ya pili, mtaa mwingine kabisa, ili isukumike asubuhi, na sisi tunakaa ya nne, kwa hiyo kila siku tulikuwa tunakwenda kwa mguu kufuata gari yetu, yeye mbele amebeba batri kifuani, mi nyuma na mkoba.

Sasa wiki tatu zilizopita alikwenda msibani Rumonge kwa basi, siku mbili, mi nikaona nafasi ndiyo hii. Nikamwita Tajudini, fundi wa umeme wa Buyenzi, akapima batri gari ikiwa inanguruma, kipimo kikakataa hata kufika volti kumi na mbili, akasema mama, hapa ilitakiwa karibu kumi na nne, hii alternateri ni marehemu. Nikamwambia itoe. Akafungua kwanza waya wa batri, akalegeza mkanda unaoizungusha, akatoa bolti, akafunga alternateri nyingine ya okazyo, iliyokwisha tumika lakini imesafishwa ikang'aa, na mkanda mpya, na taa nyekundu ikazima. Nililia, Mama Asiya. Mutu muzima nalilia taa.

Nilikusudia kumwambia akirudi, wallahi. Lakini aliporudi aliwasha gari, akatazama pale taa ilipokuwa, akazima, akawasha tena, akatazama tena, halafu akatoka akaniambia, "Umeona? Si nilisema imechoka tu? Imepumzika, imepona." Nikasema alhamdulillahi.

Basi sasa anafundisha watu. Kwenye mulolongo wa esansi, foleni ya petroli, pale tunapokaa tangu asubuhi, anafungua kapo, kile kifuniko cha injini, watu wanamzunguka, anachomoa waya wa batri gari ikiwa inanguruma, gari haizimi, watu wanapiga makofi, wengine wanamwita daktari. Na siku hizi anaegesha mbele ya mlango wetu, na tunarudi nyumbani saa mbili za usiku, taa zimewaka, redio juu.

Mi ningenyamaza mpaka kaburini. Lakini jirani yetu Méthode, gari yake nayo imewaka taa ya batri, alikuwa njiani kuipeleka kwa Tajudini, bwana yangu akamrudisha, akamwambia ipumzishe, na Méthode amemsikiliza, na mke wake Irène ana mimba ya miezi tisa na ni gari hiyo itakayompeleka kujifungua. Juzi Irène aliniuliza, "Eti mama, hii dawa ya mzee ni ya kweli?" Nikamjibu Mungu akipenda. Nikisema, bwana yangu ataaibika mbele ya mulolongo mzima. Nisiposema, nitamtazamaje Irène? Nifanye nini?

Mama wa Ngagara

*

Mama wa Ngagara, wa aleikum salaam. Jina lako sikulisoma. Lakini umetaja fundi, jirani, mimba ya jirani na rangi ya gari, kwa hiyo tusidanganyane, kartiye nzima imeshakujua.

Pole, dada yangu. Mwaka mzima kulala na batri si mchezo, na hewa inayotoka kwenye batri ikichajiwa ni mbaya, chumbani haikuwa na kazi. Kubadilisha alternateri hukukosea hata kidogo. Umekosea pale Irène alipokuuliza. "Mungu akipenda" si jibu, ulijificha nyuma yake. Usimtwishe Mungu alternateri ya Méthode.

Mimi nilikaa katika ndoa na fundi wa umeme wa magari miaka ishirini na sita, Mungu amrehemu, hata chai yetu ilinukia grisi. Alternateri haipumziki ikapona. Ndani yake kuna vipande vya kaboni vinavyolika, vikiisha vimeisha. Mara nyingine ni mkanda umelegea tu, au waya umeshika kutu, na fundi anamaliza kabla chai haijapoa. Ndiyo maana inapimwa.

Kwa hiyo leo, si kesho, mchukue Tajudini na kipimo chake mwende kwa Méthode. Irène umweleze yote kwa mdomo wako mwenyewe. Mtoto akiamua kuja saa nane za usiku hatauliza kama gari ina ruhusa ya kuona giza. Ukirudi, Tajudini akaze na mkanda wako, maana mkanda mpya hulegea baada ya wiki chache. Na ule mchezo wa kuchomoa waya uishe, unaunguza hata alternateri nzima.

Unaogopa bwana yako ataaibika? Ebu soma tena barua yako. Kitu kinang'aa katikati ya injini nyeusi, na yeye anafungua kapo kila siku. Mtu aliyekuwa anabeba batri kifuani kama mtoto mchanga, leo anachomoa waya wake mbele za watu bila kutetemeka! Kwa alternateri ile ya zamani gari ingezima hapo hapo, na hakuna anayelijua hilo kuliko yeye. Mteremko ameuacha, usiku hauogopi. Anajua, mama. Alijua tangu alipozima akawasha tena mbele ya usukani. Wewe unaficha ili asiaibike, yeye anaficha ili asishukuru, na katikati yenu Irène ndiye atakayesukuma gari.

Na wewe, bwana wa gari ya kijani. Najua unanisikia, maana siku hizi redio yako inawaka. Geuza gari uende kwa Méthode, umwambie ni mke wako aliyeiponya. Kama giza limeingia, washa taa.