Jiwe Jeusi la Mita ya Tisa

Jumatatu, 15 Septemba 2025

Baba amepata makaa ya mawe! Kwa maneno yake mwenyewe. Tulikuwa tunachimba kisima cha maji. Nkunzimana, fundi tuliyemkodi, yuko chini na sululu, mita ya tisa — udongo mwekundu ukaisha, likaanza jiwe jeusi, linabanduka vipande vipande kama chapati. Maji? Hakuna anayeyauliza tena. Nusu ya kijiji cha Makere imepita kuangalia. Baba, Mzee Felisiani, anatembea kama diwani.

Jumanne, 16 Septemba

Mama kalitia jiwe jikoni. Halikuwaka. Limetoa moshi na harufu ya yai viza, maharage tukampa mbwa, mbwa kakataa. Baba hakushtuka. Kaona vichembe vya njano vinametameta ndani ya jiwe. Kwa hiyo sasa si makaa — ni dhahabu. Jamani, huyu mzee!

Alhamisi, 18 Septemba

Baada ya kufundisha vipindi vyangu nimepanda bodaboda hadi Kasulu, jiwe ndani ya mkoba wa madaftari. Firdausi yuko kwao likizo. Nilisoma naye sekondari, baba yake anauza vitenge sokoni, yeye sasa ana digrii ya miamba. Kalinusa. Kalilamba (!!). Kacheka. Si makaa, si dhahabu. Tope la bahari.

Bahari! Makere! Na mimi hata Dar sijafika.

Eti zamani sana, samaki hawajaumbwa bado, hapa palikuwa na maji yaliyotulia... Nikamkatiza: kama dimbwi letu la kulowekea mihogo! Juu maji safi, chini tope jeusi linanuka, kwa sababu maji hayachezi na hewa haifiki chini. Akasema hivyo hivyo. Vijimea vya majini vinakufa, vinazama, chini hakuna hewa ya kuviozesha vikaisha. Tope laini linavifunika, tabaka juu ya tabaka, mpaka uzito unageuza yote kuwa jiwe. Weusi ndio vijimea vyenyewe. Nilifurahi kama mtoto. Miaka yote naloweka mihogo, kumbe naanzisha mwamba.

Halafu akaacha kucheka. Akauliza shimo lina mita ngapi na nani yuko ndani. Zile chembe za njano ni chuma na salfa. Zikipata hewa zinashika kutu, na kutu hiyo inakula hewa ya shimoni. Mtu hasikii chochote, analala tu. Kasema tuteremshe taa kwanza, ikizimika mtu asishuke.

Ijumaa, 19 Septemba

Jana usiku nilisema tuteremshe taa, baba kacheka. Leo Nkunzimana katoka shimoni anatapika. Hashuki tena, hata aongezewe nini. Baba kamwita mwoga, kesho atashuka mwenyewe. Miaka sitini na minane! Nimemweleza bahari, dimbwi, kutu. Oya, hapana, kasema, yeye kavuka mpaka kwa miguu, kaishi kambi ya wakimbizi ya Mtabila, shimo alilolichimbisha mwenyewe halimuui. Tena kanisomesha kwa jembe, sasa namfundisha kupumua!

Nimelia jikoni, kwa hasira. Na kwa woga pia. Nampenda huyu mzee mbishi.

Jumamosi, 20 Septemba

Naandika nimekalia kamba ya kisima. Kweli kabisa, matako juu ya kamba. Bila kamba hashuki. Mama kaniletea uji hapa hapa, kaninong'oneza nisinyanyuke.

Nimeteremsha koroboi mbele ya baba. Mita ya nane inawaka. Lilipoanza jiwe jeusi — fyu. Baba: upepo. Upepo, shimoni! Nikawasha tena. Ikazimika pale pale. Baba: taa haina roho, itajuaje hewa?

Kaenda zake. Nikadhani nimeshinda.

Karudi na kamba ya jirani, Saidi. Na jogoo wake mwenyewe — yule mwekundu anayelishwa mchele wakati sisi tunakula ugali — kamfungia kwenye ndoo. Nikamwambia baba, utamuua. Kasema hafi, ana roho ngumu kama yake.

Ndoo inashuka. Jogoo anatukana ukoo mzima. Mita ya tano, kelele. Ya saba, kelele. Ya nane.

Ya tisa.

Baba kaacha kuteremsha. Anasikiliza. Anamwita jogoo, taratibu, vile anavyomwita asubuhi akimpa mchele. Anamwita tena. Bado hajavuta kamba.