Kiti cha Mkalimani

Barking, London
9 Novemba 1986

Kwa dada yangu mpenzi Mardhiya,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, na goti lako limeacha kukusumbua. Huku baridi imeanza mapema, ila nasema alhamdulillahi.

Unauliza kama bado nasoma Kiingereza. Nasoma, tena si kile cha kununulia mkate. Kila nikitoka kazini nafungua kamusi, na nikipata neno gumu nalitumia kabla halijapoa. Konda wa basi nilimwambia "I am most reluctant", wakati mtu mwenye akili zake angesema sitaki, yakaisha. Akanitazama kama nimemtukana.

Sababu unaijua. Nilipofika hapa kila mahali nilifuatana na Kijakazi, yule jirani yangu Mpemba, anisemee: posta, dukani, kwa daktari. Niliona haya, mtu mzima kusemewa kama mtoto. Siku nilipoweza kujisemea nilimshukuru, nikamwambia asijisumbue tena. Naye hakujisumbua tena. Kumbe ndiye mtu pekee niliyekuwa nikizungumza naye, na mimi nimemwachisha kazi. Kiingereza ninacho tele, dada, wa kumsemesha sina.

Sasa nikwambie jambo, na naomba bimkubwa asijue. Mwezi uliopita nilikwenda hospitali peke yangu. Wakaniuliza kama nahitaji mkalimani, nikajibu kwa fahari kwamba sihitaji. Daktari alisema maneno marefu marefu na nikayafahamu yote, hata lile ambalo ningependa nisilijue. Ni saratani, na imeshaenea. Kiti cha pembeni yangu kilikuwa kitupu, nikaweka mkoba.

Basi miadi ya pili nilimgongea Kijakazi mlango, nikamdanganya kwamba Kiingereza cha madaktari kinanishinda. Hakuuliza kitu, alivaa buibui tukaondoka. Daktari akaeleza kwamba dawa hazitaniponya, zitapunguza maumivu tu. Kijakazi akanishika mkono.

"Mwatima, kasema dawa zipo," akaniambia. "Na kasema nisikwache ukala peke yako."

Nikamwambia sikufahamu vizuri, anirejelee.

Nisalimie bimkubwa na wote wa nyumbani, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Kijakazi naye anakusalimu sana. Yuko jikoni kwangu, anachambua mchele.

Mimi mdogo wako akupendaye,
Mwatima